Isale la Chama

Nimekuwa katibu wa tawi la chama huku Kirua Vunjo tangu mwanangu wa mwisho yuko mgongoni, na mwanangu huyo sasa ana mke. Katika miaka yote hiyo nimeona uchafu mwingi wa siasa nikaumeza. Lakini mpaka leo nikiona jani la isale limefungwa utepe, napata kichefuchefu. Sitanii. Mate yananijaa mdomoni, natafuta pa kutemea.

Kwa asiyekulia mlimani niseme kwanza. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa na nyumba katikati. Tunaupanda pia kwenye makaburi. Na mtu akimkosea mwenzake, kosa la kweli, siyo la kuku kuingia bustanini, anakata jani la isale analipeleka mwenyewe, au anamtuma mtu wa nyumbani kwake. Aliyeletewa anatakiwa kusamehe. Atafoka, atakusimamisha uani mpaka miguu ife ganzi, lakini lile jani halirudishwi. Ndiyo maana watu hawalichezei. Wapo ndugu waliokaa miaka bila salamu kwa sababu tu hakuna aliyekuwa tayari kulikata.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Aling'oa masale ya mpaka kati yake na kaka yake, yaliyopandwa na babu kwa mkono wake, akayasogeza upande wa kaka yake ili apate njia ya kuingizia gari. Gari lenyewe hakulinunua maisha yake yote. Baba mkubwa akaenda kwa wazee wa ukoo, baba akaitwa, akajibu jeuri, basi, ikawa imekwisha. Kanisani mmoja alikaa kulia mwingine kushoto, na padre akisema tupeane amani kila mmoja aligeukia watu wa nyuma yake.

Mwaka wa uchaguzi huu baba akaangushwa na figo. Tukampeleka hospitali, tukamrudisha, na aliporudi alikuwa anaongea kama mtu anayefunga mizigo. Siku moja nikiwa namlisha uji akasukuma kijiko.

"Pika mbege," akaniambia. "Ikiiva utampelekea kaka isale. Nataka anywe na mimi kabla sijaenda."

Nilitoka nje nikalia kidogo, halafu nikaanza kumenya ndizi. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haiharakishwi. Ndizi zinachemshwa, zinaachwa zichachuke siku zake, ndipo inakuja zamu ya ulezi. Katika kungoja huko ndiko chama kiliponiita mjini.

Ilikuwa semina, Moshi, kwenye ukumbi wa hoteli wenye baridi ya mashine kiasi kwamba tulijifunika khanga za chama mabegani. Bango ukutani liliandikwa kuhusu kuimarisha mashina, yale makundi madogo ya chama huku vijijini, na kumfikia mpiga kura. Mwezeshaji alitoka Dar, kijana mtanashati, viatu havijawahi kukanyaga tope. Akatuambia twende nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu. Akatuambia tuguse hisia. Kila baada ya maneno mawili, hisia.

Mimi mdomo wangu hauna kufuli. Nikanyoosha mkono nikasema, "Mwanangu, watu wetu hawajanuna kwa kukosa kuguswa. Walipiga kura za maoni, wakachagua mtu wao, nyie mkaturudishia jina jingine kutoka juu. Kadi zimechanwa mbele yangu. Mnataka shina liwe imara? Kiongozi wa shina aende msibani mwaka ambao hakuna uchaguzi. Ashike jembe watu wakichimba mfereji. Akiulizwa jambo alipeleke juu, arudi na jibu, hata kama jibu lenyewe ni hapana. Huku mtu anavumilia hapana. Havumilii kufanywa mjinga."

Wenzangu wa Sanya Juu na Bomang'ombe wakapiga makofi. Mwezeshaji akasema, "Asante sana mama kwa mchango mzuri," akabonyeza kitufe, picha ikabadilika ukutani. Mchango wangu ukaishia hapo.

Hapo ndipo aliposimama mwenezi wa kata yetu, mtangazaji wa habari za chama. Huyu siyo mgeni. Ni Mchagga mwenzangu, babu yake amelala chini ya masale, mama yake tunasali naye jumuiya moja. Lakini ni chawa. Mgombea akipiga chafya yeye ndiye wa kwanza kutoa kitambaa.

"Huku kwetu," akasema, "mtu akipelekewa isale hawezi kukataa kusamehe."

Mwezeshaji akasimama wima. "Hawezi kabisa?"

"Hawezi."

"Hata kama ana hasira?"

"Hata awe na hasira gani."

Yule kijana akatabasamu jinsi wanavyotabasamu wauza ng'ombe wakiona mnunuzi mlevi. Nikasimama bila kuitwa. Nikamuuliza mwenezi, kwa Kichagga kwanza, ana akili timamu? Halafu kwa Kiswahili nikauliza wote, "Nani anaomba msamaha? Kwa kosa gani? Isale lina mwenyewe!"

"Chama kinaomba kwa ujumla, mama," akanijibu mwezeshaji.

Kwa ujumla! Kefule! Yaani mtu anakuja kwako na jani la msamaha, ukimuuliza umenikosea nini, anasema kwa ujumla. Sikula chakula chao cha mchana. Nilikaa nje kwenye ngazi mpaka gari la kurudi lilipowashwa.

Nilidhani ni maneno ya semina, yataishia hotelini. Jamani, nilikosea. Wiki haijaisha vijana wa kukodiwa walipita na mapanga wakifyeka masale kwenye mipaka ya watu, bila hodi, wakajaza pikapu. Mjane mmoja jirani yangu aliamka akakuta mpaka wake umebaki vishina. Alipofoka akaambiwa ni kazi ya chama, mama, tutakupandia mengine. Wakayapeleka ofisini, wakayafunga utepe wa rangi za chama, na kwenye kila jani wakabana kwa stepla kadi yenye sura ya mgombea akicheka. Stepla, kwenye isale! Niliposhika la kwanza pini ikanichoma kidole, nikalitupa.

Sasa mtauliza kwa nini sikuacha kazi siku ile ile. Nilitaka. Lakini tawi ni langu, wanachama ni majirani zangu, nikasema nikae angalau niwazuie wasiingie kwenye nyumba zenye msiba au ugomvi. Kwa hiyo nikatembea nao.

Mgombea ni kijana wa kwetu, wa wale wanaopanda mlima Desemba tu, na hata hiyo Desemba analala Moshi mjini. Alikuwa akiingia uani anatoa jani, anasema, "Wazazi wangu, nimekuja na isale, mnajua maana yake," anapigwa picha, anatoka. Watu walipokea. Wangefanyaje? Niliona mabibi wakilipokea kwa mikono miwili na nyuso zimekunjamana, kama waliotiwa kitu kibaya kinywani mbele ya mgeni. Wengine walisubiri tugeuke wakalitupia migombani.

Tukafika njia ya kwa baba mkubwa. Nikamshika mwenezi mkono.

"Hapa tupite," nikamwambia. "Mbege ya baba iko kwenye pipa. Wiki hii nakuja hapa na isale lake. Nyumba hii moja tu, niachie."

"Aisee mama, hii nyumba ina kura za boma zima," akasema. "Halafu si vizuri? Tukitangulia sisi tutakuwa tumemlainishia mzee."

Mgombea alikuwa ameshaingia. Nikabaki getini, nimejifunga ile khanga yao, na nilichokiona hapo ndicho kinachonifanya niandike.

Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Akainua macho, akaniona mimi kwanza, mtoto wa mdogo wake, nimesimama getini kwake ambako sikuwa nimefika tangu nikiwa msichana. Halafu akaliona isale mkononi mwa yule kijana. Maharage yakamwagika. Akasimama, mzee yule ambaye kusimama kwake ni kazi, akavua kofia, akanyoosha mikono yote miwili. Akalipokea. Akaniuliza juu ya bega la mgombea, "Mdogo wangu yuko hai?"

Sikupata kujibu. Mgombea alishaanza hotuba. "Mzee wangu, chama chako kinakuomba..." Baba mkubwa akaligeuza jani, akaiona ile sura inayocheka. Akaitazama sana. Kisha akarudi kukaa, akaliweka isale chini, akaanza kuokota maharage. Mbuzi akaja akalitafuna, na kadi yake. Mwenezi alikuwa ameshapata picha aliyoitaka, ile ya mzee kavua kofia. Jioni ilikuwa imezagaa kwenye simu za wilaya nzima.

Mbege ikaiva. Baba aliionja kwa kijiko, akasema imekaa sawa. Nikakata isale kwenye mpaka wetu, upande ule ule aliousogeza yeye, nikampa alishike kwanza kama inavyotakiwa. Alilishika muda mrefu. Nikavaa gauni la kawaida, sikuvaa kitu chochote cha chama, nikaenda kwa baba mkubwa kwa miguu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakusimama. Alikuwa anaangalia mkono wangu. "Na hilo limetoka kwa nani?"

"Kwa baba. Kwa mdogo wako. Anaumwa, hawezi kutembea. Amesema alikosea ule mpaka, na anataka unywe naye."

Nilipiga magoti, nikalinyoosha. Mikono yake ikabaki juu ya mapaja.

"Juzi nilisimama," akasema. "Nilikuona wewe nikajua ni yeye. Nikashukuru Mungu, mwanangu, mbele ya wale watu. Nilikuwa nimeshasamehe kabla sijaona picha."

"Lile lilikuwa uchafu, baba. Hili ni la kweli."

"Najuaje? Lile ulikuja nalo wewe." Hakufoka. Afadhali angefoka. "Nenda nalo. Mwambie uchaguzi upite. Ukipita, ukiniletea, nitajua ni lenu."

Katika ukoo wetu sijasikia isale likirudishwa. Nililirudisha mimi, nimelificha ndani ya khanga yangu kama mwizi wa ndizi, na njia nzima nilimtukana mwenezi kwa lugha zote mbili.

Baba alikuwa ameegemezwa mito, kibuyu kimeoshwa kiko pembeni yake.

"Amepokea?"

"Amesema uchaguzi ukipita."

"Wale wa chama walifika kwake?"

"Walifika."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo getini."

"Basi ana haki," akasema baba, akageukia ukutani. Ile mbege hakuigusa tena. Ilichachuka mpaka ikanuka, na wifi yangu na mimi tukaimwaga kwenye migomba.

Baba hakuufikia uchaguzi.

Tulimzika kihambani, karibu na babu. Mgombea alikuja, angekosaje, umati ule. Kabla jeneza halijashuka mwenezi alishamnong'oneza mshereheshaji kwamba chama kina salamu, na alikuwa ameshika isale lenye utepe. Msibani kwangu. Nilimfuata mbele ya padre na watu wote, nikamnyang'anya, nikafungua mkoba nikatoa mhuri wa tawi nikautia mfukoni mwa koti lake. Nikamwambia, "Chukua na huu. Kaimarishe mashina." Akasema mama una uchungu, nakuelewa. Nikamwambia sina uchungu nawe, nina kinyaa. Wakaondoka kabla ya kumwaga udongo, maana walikuwa na misiba mingine ya kuwahi upande wa pili wa kata.

Watu walipoanza kutawanyika ndipo nikamwona baba mkubwa anakuja kupitia mpakani, polepole, mkono mmoja fimbo, mwingine kashika isale lililong'olewa na mizizi yake, udongo bado unadondoka. Akapiga magoti kichwani mwa kaburi. Nilitaka kumsaidia akanikataza. Akafukua kwa vidole, akalipanda, akashindilia, akabaki pale ameweka kiganja juu ya udongo.

Kisha akanipa mkono nimwinue. Akajifuta tope kwenye suruali, akaangalia upande wa nyumba, kule uani tulikozoea kuweka pipa.

"Ile mbege yake," akaniuliza, "imebaki hata kidogo?"

"Haikubaki, baba," nikamwambia. "Tuliimwaga."