Bibi Harusi wa Kitanda cha Kwanza

Ifahamike kwa wakubwa na wadogo, wa karibu na wa mbali: zama za kubahatisha zimekwisha. Katika wadi ya wanawake ya hospitali moja, mashine yenye akili imeanza kuiona kesho ya mgonjwa kabla kesho yenyewe haijaamka.

Mashine yenyewe ni kompyuta iliyopasuka kona. Imekaa juu ya meza ya manesi, na chini ya mguu mmoja wa meza hiyo kuna kipande cha sabuni ili isiyumbe.

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Nesi mmoja mnene, mwenye kicheko cha kusikika hadi maabara, anavuta kiti, anafuta kioo kwa kiganja na kuiamkia kompyuta kama mtu amwamkiavyo mkwewe.

"Shikamoo, Shangazi. Haya, tuambie, wanao wamelalaje?"

Wadi nzima inamkazia macho. Nesi huyu anaitwa Sista Rangi, kwa kuwa kila asubuhi Shangazi humpa kila mgonjwa rangi yake. Kijani, anaendelea vizuri. Njano, aangaliwe. Nyekundu, huenda hali yake ikabadilika, daktari aitwe upesi. Rangi hizo ni siri ya watumishi, lakini siri gani! Shangazi anawasoma wagonjwa, na wagonjwa wanausoma uso wa Sista Rangi.

Hakuzaliwa na kompyuta mkononi. Kwa miaka mingi alikuwa nesi wa sindano na vipimo, zamu ya manesi wawili kwa wagonjwa zaidi ya thelathini.

"Macho manne tu," anasema. "Ukimgeukia huyu, yule anazidiwa nyuma ya mgongo wako. Nikasema, lazima nipate jicho la tano."

Akaenda kusoma masomo ya jioni, akikaa dawati moja na vijana wa umri wa kitinda mimba wake. Yeye na wenzake darasani wakatengeneza programu, wakailisha kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa wa zamani: joto, presha, mapigo ya moyo, majibu ya maabara, kitanda, umri, na mwisho wa kila mmoja. Nani alikwenda nyumbani, nani alizidiwa. Mashine ikajifunza kufananisha.

"Haipigi ramli," anasisitiza. "Inakumbuka. Ni kama yule shangazi aliyehudhuria kila harusi na kila msiba wa ukoo. Akikusikia unakohoa, anakwambia, 'Mjomba wako alianza hivyo hivyo.'"

Mwezi uliopita Shangazi alimpaka nyekundu mama mmoja kijana aliyekuwa anacheka na wageni wake. Daktari alitaka kupuuza. Sista Rangi akamng'ang'ania kama kupe. Vipimo vikaonyesha maambukizi yameanza kuingia kwenye damu. Mama yule alitibiwa mapema, akatoka hospitali kwa miguu yake, mtoto mgongoni.

"Siku hiyo nilicheza koridoni," anasema, "na mimi si mchezaji."

Leo uso wake hauchezi. Kitanda cha kwanza: nyekundu.

Kitanda hicho kina ajuza mmoja aliyelazwa kwa homa ya mapafu, akapona, na wadi ikambatiza Bibi Harusi. Si kwa dhihaka. Jumamosi anaolewa. Mchumba ni fundi saa mstaafu, mjane mwenzake, ambaye hajawahi kufika kwa wakati saa ya kutazama wagonjwa. Jana Bibi alikuwa kijani kama mchicha, na leo ndiyo siku ya ruhusa.

"We Sista, mbona unanitazama kama chai iliyoingia nzi?"

"Hamna kitu, bibi."

"Hamna kitu, na umekunja uso hivyo? Mwite huyo mwenye koti aseme."

Mwenye koti ni daktari kijana, mwangalifu mno, ambaye wagonjwa humwita Dokta Subiri. Anatazama kioo, anatazama mgonjwa, anakohoa kidogo.

"Bibi, nadhani tusubiri mpaka Jumatatu."

"Mwanangu, nimesubiri ujane miaka tisa. Na yule bwana ana sabini na minne. Yule si wa kusubirishwa!"

Wadi inacheka, ila Bibi mwenyewe amegeukia ukuta na anajifuta jicho kwa ncha ya khanga. Sista Rangi anaona. Afanyeje? Ni yeye aliyemwapia daktari kwamba nyekundu ni nyekundu hata mgonjwa akicheka. Leo amwambie vingine kwa sababu tu gauni liko tayari?

Anafungua ukurasa unaoonyesha sababu za rangi. Joto, sawa. Mapigo, sawa. Oksijeni, safi. Sababu kubwa kuliko zote iko juu kabisa: kitanda.

Anajishika mdomo. Kisha kicheko kinamtoka, kile cha kufika maabara.

"Dokta, huyu tumemuumiza sisi! Mgonjwa akizidiwa tunamlaza wapi?"

"Kitanda cha kwanza. Karibu na meza yenu."

"Basi! Shangazi ameona miaka yote wanaolala pale ndio wanaozidiwa. Anadhani kitanda ndicho ugonjwa!"

Na Bibi kilimpeleka nini pale? Simu. Soketi pekee inayofanya kazi iko kando ya kitanda hicho, na jana jioni simu ilizimika kwa kuisha chaji, fundi saa akiwa katikati ya maneno matamu. Kitanda kilikuwa kitupu, Sista Rangi akamwonea huruma, akamhamisha, akaingiza mabadiliko kwenye kompyuta.

"Nimemhamisha kwa mapenzi," anasema, "nikamzidishia ugonjwa kwa kidole kimoja."

"Hiyo ni dhana tu," anasema Dokta Subiri. "Ina ushahidi?"

Bibi Harusi anageuka kutoka ukutani. "Mlazeni yeye!"

Wazo linapita bila kupingwa. Sista Rangi anampima daktari presha, joto na mapigo, anaviingiza kwenye ukurasa wa majaribio. Kitanda cha ishirini: kijani. Anabadilisha jambo moja tu, anamlaza kitanda cha kwanza. Nyekundu.

"Pole, Dokta!" wadi inalipuka. "Dokta, umekula kweli?" Sauti moja kutoka dirishani, ambayo mwenyewe hakutambulika, inaongeza: "Dokta, andika wosia, koti utuachie sisi!"

Daktari anacheka hadi anaishika meza, na kipande cha sabuni kinateleza.

Hata hivyo anabaki mwangalifu. Anasikiliza kifua cha Bibi mbele na nyuma, anamtembeza koridoni akiwa na kipimo cha oksijeni kidoleni. Haishuki. Ndipo anaandika ruhusa.

"Kwa sharti moja. Harusini ucheze ukiwa umekaa."

"Nitakaa nikiwa nacheza," anajibu Bibi.

Jioni hiyo Sista Rangi anaondoa kitanda katika mambo ambayo Shangazi hujifunza, anamfundisha upya, kisha anamjaribu kwa wagonjwa waliopita. Yule mama kijana angali nyekundu. Sista Rangi anashusha pumzi.

Sasa ana mpango wa kumpeleka Shangazi wadi ya watoto. "Ila kwanza nitakaa na manesi wa kule, niwaulize mazoea yao. Mtoto gani mnamlaza wapi, na kwa nini? Mashine haijui kuuliza. Nitauliza mimi."

Jumamosi, Bibi Harusi anacheza ameketi, nusu wimbo tu, kisha anasimama. Dokta Subiri, mgeni mwalikwa, anamshika mkono kuhesabu mapigo, anajikuta anachezeshwa. Fundi saa amechelewa, lakini amefika.

Pembeni, Sista Rangi anasoma rasimu ya makala haya, sahani mapajani.

"Umeandika vizuri," anasema. "Ila hapa pa dirishani. Wadi ya wanawake, sauti ya mvulana inayovunjika kama bati, eti mwenyewe hakutambulika?"

Mwandishi, ambaye uandishi wa habari unamtaka asiwe na upande, anakiri: sauti ni yake, siku ile alikuwa ameleta begi la nguo za mgonjwa. Anakiri pia kwamba Bibi Harusi ni mama wa mama yake, na kwamba hajawahi kufurahi kuwa na upande kama alivyofurahi tangu Alhamisi.