Pijo ya Osewe na Kiti cha Katikati

Tarehe 11 Juni 1998, siku ya Alhamisi, Osewe aliandikishwa kuwa mmiliki wa Peugeot 504 stesheni wagoni ya rangi ya krimu, ambayo ilikuwa imefanya kazi ya teksi kati ya Nairobi na Kisumu kwa karibu miaka ishirini. Hajawahi kumiliki gari jingine.

Osewe ni fundi wa makochi. Banda lake liko Kawangware 56, limebanwa kati ya duka la hadiwea na saluni. Nyumba yake ya chumba kimoja iko Raila, Kibera, mahali ambapo mtu akikutana na mkokoteni, mmoja wao hurudi nyuma. Gari halifiki huko. Ndiyo maana Pijo, kama kila mtu anavyoiita, imeishi miaka yote hii Ayany, katika ua wa mama mmoja aitwaye Kaveke, ambaye Osewe humshonea viti bure. Majirani wa Raila humtania kwamba gari lake limepanga mtaa mzuri kuliko mwenyewe.

Hulifunika kwa shuka kubwa ya viraka aliyoishona mwenyewe. Kila kochi lililopita mikononi mwake limeacha kipande pale: maua mekundu, mistari ya kijani, mahameli ya buluu yaliyofifia kuwa kijivu. Mvua ikinyesha, rangi zote hukolea pamoja, na ua wa Kaveke huonekana kama umelaza mnyama fulani mpole ambaye hakuna aliyewahi kumpa jina.

Jumapili, misa ikiisha, Osewe hulifunua. Huketi kwenye usukani na themosi ya chai. Hawashi injini. Mkono wake hushika gia, ambayo katika Pijo iko kwenye usukani, na safari huanza yenyewe. Ukuta wa Kaveke hulainika na kuondoka. Limuru hupita na ukungu wake, kisha bonde lote hufunguka chini kama kitambaa kilichotandikwa mezani. Nakuru. Kericho, ambako kijani huingia hadi ndani ya gari na kukaa mapajani. Ahero, Kisumu, Maseno, Luanda, Yala. Halafu barabara ya vumbi la Alego, kwao, na mwisho wake ua wa minyaa uliopandwa na baba yake. Hapo safari hukatika. Kila mara hukatika hapo hapo, naye hujikuta akiutazama ukuta wa Kaveke, chai imepoa.

Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwaka huu, mwezi wa Septemba, alikuja mwanamke aitwaye Wanja. Hununua magari ya zamani na kuyakodisha kwa harusi na kwa watu wa filamu. Alikuwa ameiona Pijo siku ambayo Osewe aliitoa kwenda kujaza upepo, akaifuata polepole hadi Ayany. Aliizunguka, akagonga milango kwa kidole, akalala chini bila kujali nguo zake. Aliposimama, uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia wimbo wa utotoni. Kisha akafungua mlango wa mbele.

Viti vya mbele Osewe alikuwa amevivisha mahameli mekundu yenye vifungo, na chini yake nyuzi za kuning'inia. Juu ya migongo kulikuwa na vitambaa vilivyofumwa na mkewe.

"Mzee," Wanja alisema, "hii ni gari ama ni sebule?"

"Mwenye kuketi ndiye anajua," Osewe akajibu.

Wanja akacheka. Alisema mahameli yanaweza kutolewa, kwa kuwa ngozi ya zamani ilikuwa bado iko chini. Akatazama nyuma. Mahali pa kiti cha katikati palikuwa wazi, sakafu ya bati tupu.

"Kiti kiko wapi?"

"Kiko nyumbani."

"Kwa stoo?"

"Hapana. Bibi yangu amekalia."

Ilikuwa kweli. Wiki ile ile aliyolinunua gari, Osewe alikitoa kiti cha katikati ili apate nafasi ya kubebea makochi ya wateja. Hakuona sababu ya kukiacha kioze kwenye ua wa mtu. Alikiwekea miguu ya mbao na kukiingiza Raila, kikawa kochi la kwanza na la pekee la nyumba yake. Amewatengenezea wengine makochi ya kila aina. Yeye na mkewe Aoko wamekaa kwenye kiti cha Pijo. Mtoto wao wa kwanza, Brandon, alijifunza kusimama kwa kushika mgongo wake. Alipokuwa na miaka mitano alikuwa akiinama ukingoni, mkono nje ya dirisha ambalo halikuwapo, akiita abiria: "Kisumu! Kisumu! Bado mtu mmoja!" Na mama yake, akimenya viazi, alikuwa mara nyingi ndiye huyo mtu mmoja.

Wanja alisema angelichukua gari, na kwa bei nzuri, lakini likiwa na kiti chake. Bila hicho, hapana. Akampa wiki mbili.

Osewe angeweza kumjibu hapana pale pale. Hakumjibu kwa sababu ya Brandon.

Brandon sasa ana miaka ishirini na saba. Anafanya kazi ya kuvuta nyaya za umeme, na ameoa msichana wa Ugenya aitwaye Celine. Krismasi iliyopita alimpeleka Celine nyumbani Alego mara ya kwanza, wakalala kwenye nyumba ya binamu, kwa sababu Brandon hana simba, ile nyumba ndogo ya kijana katika boma la baba yake. Na hawezi kuijenga. Kwa Wajaluo mtoto hajengi kabla ya baba, na Osewe, akiwa na miaka sitini na mbili, hajawahi kuhama boma la baba yake na kufungua la kwake. Kiwanja anacho, upande wa pili wa minyaa. Kina nyasi. Kila mwaka pesa hazikutosha, akasema mwaka ujao. Asubuhi Celine alikunja blanketi la watu kwa uangalifu mno, na Aoko, aliyekuwa nao, akaona.

Kwa hiyo jioni ile Osewe aliingia ndani, akaketi kwenye stuli, akamweleza mkewe.

Aoko hakuinuka kwenye kiti. "Kwa hivyo umeuza mahali nakaa."

"Sijauza. Nimeulizwa."

"Na wewe umesemaje, Baba Brandon?"

"Nimesema kiko na wewe."

"Ukweli wa kwanza umesema mwezi huu." Akapapasa ukingo wa kiti, mahali ngozi ilipopasuka na kushonwa na kupasuka tena. "Nipeleke nikione ndani ya gari kwanza. Sijawahi kukiona kwake."

Hivyo Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Osewe na Brandon walikitoa kiti miguu ya mbao, wakakipakia mkokoteni. Raila nzima ilitoka kuangalia.

"Osewe, mnahama?"

"Kiti kinahama. Sisi tunakisindikiza."

"Mwambie mama avae mshipi!"

Aoko alitembea nyuma ya mkokoteni na mkoba wake wa kanisani, kama mtu anayesindikiza jamaa stendi. Walipofika Ayany, Kaveke alifungua geti, akatazama, akarudi ndani kuleta chai bila kuuliza kitu.

Kiti kiliingia mahali pake bila kusukumwa. Brandon aliingiza boliti nne, na zote nne zikapata matundu yao kana kwamba zilikuwa zimetoka jana. Aoko akapanda, akaketi. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake, si kwa umbo la abiria yeyote wa teksi. Alitazama nje kupitia dirisha, dirisha la kweli safari hii. Brandon akaketi mbele kwenye mahameli mekundu. Mvua ikaanza, nyepesi, ikitembea juu ya paa.

"Buda, si uendeshe," Brandon alimwambia baba yake.

"Injini imezimwa."

"Najua. Endesha hivyo hivyo. Si huwa unaenda kila Sunday? Mama Kaveke aliniambia."

Osewe aliona haya kidogo. Kisha akashika gia. Hakuwahi kuifanya safari kwa sauti, na mwanzoni alitaja majina tu: Limuru, Naivasha, Nakuru. Lakini kioo kilikuwa kimejaa mvua, na nyuma ya mvua hakukuwa na ukuta, na taratibu majina yakapata milima na mashamba. Kericho, Aoko alisema anasikia baridi. Ahero, Brandon akashusha kioo na kuita, kwa ile sauti ya miaka mitano ndani ya kifua cha mwanamume, "Bado mtu mmoja!" Kisumu wakapita bila kusimama. Maseno. Luanda. Yala. Vumbi likaanza.

"Tumefika kwa minyaa," Osewe alisema, na mkono wake ukaacha gia.

"Sasa?" Aoko akauliza kutoka nyuma. "Tunakata wapi?"

"Kushoto."

"Kushoto ni kwa baba yako."

Osewe akaushika usukani kwa mikono yote miwili.

"Kwako ni kulia, Baba Brandon."

"Kulia hakuna njia."

"Hakuna njia kwa sababu hakuna nyumba," Aoko alisema, bila hasira. "Nani atakanyaga nyasi kwenda mahali hakuna nyumba?"

Mvua iliendelea kutembea. Osewe alitazama kulia kwake, kwenye kioo chenye ukungu, kwa muda mrefu kiasi kwamba Kaveke alifika na chai, akaona, akaiweka juu ya boneti na kuondoka. Ilikuwa mara ya kwanza safari kupita minyaa. Aliona nyasi zimelala pande mbili. Aliona bati jipya likimeta. Aliona pia, kwa uwazi uleule, kwamba hakuna gari lililosimama mlangoni.

Alipovuta pumzi, alisema, "Shoka liko wapi?"

Brandon alielewa kabla mama yake hajaelewa. Baba akifungua boma, hutangulia na jogoo, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba shoka, mke hubeba moto. Nyumba husimamishwa siku hiyo hiyo, na usiku wake hulalwa ndani.

"Nitanunua. Shoka ni langu, Buda, hiyo usiguse."

"Na moto ni wangu," Aoko alisema. "Jogoo tutapata kwa baba yako. Hatubebi jogoo kwa hii gari, ataniharibia kiti."

"Si chako tena," Osewe alisema.

"Hadi tukirudi ni changu."

Alimpigia Wanja simu papo hapo, akiwa bado ameketi kwenye usukani. Alimwambia kiti kimepatikana, na kwamba gari lina safari moja kwanza. Wanja aliuliza safari ya wapi. "Nyumbani," Osewe alisema. Akaongeza, "Kulia."

Wanja amekubali kutanguliza sehemu ya malipo, na mabati yameshanunuliwa Siaya. Wiki ijayo, siku ya Ijumaa, Osewe, Aoko, Brandon na Celine wataondoka Ayany na Pijo kwenda Alego, na Jumamosi asubuhi watajenga. Wakirudi, Osewe atampa Wanja ufunguo. Kisha ataenda banda lake la Kawangware 56 kumtengenezea mkewe kochi.