Ukoka wa Jirani

Miaka ile biashara zilipofunguliwa, mume wangu alinunua pikapu kuukuu ya kubebea ndizi kutoka Kirua Vunjo hadi sokoni Kiboriloni. Kila jioni aliiegesha mbele ya nyumba, na uwanja wetu ukashindiliwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hayakuzama. Yaliburuta tope jekundu hadi kwenye kisima tulichotumia pamoja na jirani.

Huyo jirani, mke wa seremala, alikuwa na ukoka mzito uliojaa mpaka kwenye ua wake wa masale. Nilikuwa nafagia nimeupa mgongo, nisiuone.

Siku moja mama mkwe wangu alishuka kutoka mlimani. Nikampa shikamoo, nikamwekea kiti barazani, nikaingia jikoni kumpikia mtori. Nilipotoka, kiti kilikuwa kitupu. Nilimkuta kwa jirani, amevua viatu, amenyoosha miguu kwenye majani, wanacheka.

"Njoo ukae, mwanangu," akaniita. "Huku pazuri."

"Mtori unapoa, mama."

"Basi ulete hapa hapa."

Nikaupeleka, wivu umenishika. Jirani akaupokea kwa mikono miwili, kana kwamba mgeni ni wake.

Kesho yake nikamwambia mume wangu gari lisiingie tena uwanjani.

"Likiibiwa huko nje?"

"Kalale nalo."

Akaliegesha uchochoroni, kanuna. Mimi nikashika sululu. Nilitifua uwanja wote, nikachanganya samadi na maganda ya kahawa yaliyooza. Ukoka wa kupanda ilibidi niuombe kwa jirani yule yule, maana karibu na pale hakuna mwingine aliyekuwa nao. Alinipa gunia zima, kisha akaja kunisaidia kupanda, huku akinisimulia jinsi mama mkwe wangu alivyo mcheshi. Mimi alikuwa hajawahi kunichekesha.

Masika yalipoingia, ukoka ulishika, na maji yakawa yanazama pale pale yanapoangukia. Kisima kikatakata, tukaanza kuiona ndoo ikishuka mpaka chini. Watu wengine wa mtaa waliokuja kuchota walishukuru, ila walimshukuru yeye, kwa kuwa walijua ukoka umetoka kwake.

"Mimi sikulima," akawaambia. "Mshukuruni huyu dada."

Hata hilo lilinichoma. Afadhali angejisifu, nikapata sababu ya kumchukia.