Sweta ya Nekesa, Kutoka Kitale Hadi Kibabii

Nilitoka Kitale Jumamosi asubuhi kwa sababu mbili. Ile niliyowaambia majirani ilikuwa tamasha la kufuma, ambalo akina mama wa Bungoma walikuwa wameliandaa katika uwanja wa kanisa moja, njia ya Kibabii. Ile nyingine ilikuwa mjukuu wangu Nekesa, mwenye miezi tisa, ambaye sikuwa nimemwona ila kwenye simu.

Kosa lilikuwa langu, wacha niliseme mapema. Mimi ni mtu wa kuinuka. Nikikaa kanisani natazama mlango, na nikialikwa chai naaga kikombe kikiwa nusu. Wazee wa upande wa Wafula, kijana aliyetaka kumwoa binti yangu Njoki, walipokuja kwangu kuongea habari za posa, walianza kwa salamu, wakaingia historia ya ukoo wao tangu mlima Elgon, wakaenda polepole kwa ustaarabu wao. Saa mbili zikapita na jina la Njoki halijatajwa. Nikainuka, nikasema nina ng'ombe wa kukamua, nikatoka na sikurudi. Ilikuwa saa nane mchana. Kila mtu pale sebuleni alijua ng'ombe wangu hukamuliwa saa kumi na moja.

Njoki aliolewa hivyo hivyo, akahamia Bungoma, na kwa muda mrefu hatukuongea. Alipopata mtoto niliahidi kwenda. Mara ya kwanza niliishia Kamukuywa nikarudi. Mara ya pili nilifika Kanduyi, mjini kabisa, miguu ikakataa, nikapanda gari la kurudi. Siku hiyo Njoki alisimama stendi ya Bungoma kwa saa tatu nzima na mtoto mgongoni, juani, akinipigia simu ambayo sikuishika. Naona haya hata kuandika.

Basi safari hii alinitumia ujumbe mmoja tu: "Mama, sitakungoja barabarani tena. Ukifika tamashani na ukae, nitaleta mtoto saa kumi. Ukiondoka kabla ya saa kumi, tusisumbuane tena." Niliusoma mpaka nikaujua kwa moyo.

Mpango wa sweta ulikuwa wa Mama Wafula, mama mkwe wa Njoki. Alinipigia yeye mwenyewe, tulikuwa hatujaongea tangu siku ile ya ng'ombe. Akaniambia kule tamashani kuna meza ya kuunganisha: watu wawili wa nyumba mbili wanafuma nguo moja, kila mtu kwake, halafu wanakutana kuishona mbele ya watu. "Wewe fuma mbele, mimi nifume mgongo na mikono," akasema. "Vitanzi sitini na vinne, sindano namba nane, uzi rangi ya maziwa. Si ni sawa?" Nikasema ni sawa. Nilimaliza kwa siku nne. Nilipomaliza nikaona nimebakisha uzi mwingi, karibu nusu ya donge, nikajisifu kwamba najua kubana matumizi. Nikautia ule uzi kwenye kiondo pamoja na sindano.

Saa kumi na mbili na nusu, Kitale. Kikundi chetu cha kufuma kilikuwa kimekodi basi, na mwenyekiti wetu alinishikia kiti karibu na dirisha.

"Mama Njoki, si upande tu? Kiti ndio hiki."

"Tangulieni. Nitawakuta huko."

"Ati utatukuta," akasema, akafunga mlango.

Ukweli ni kwamba basi la kikundi haligeuki. Mimi nilitaka kwenda kwa matatu, kwa vipande, nishuke nikitaka, nirudi nikitaka. Nilikuwa nimeshajitafutia njia ya kutoroka kabla hata sijafunga nyumba.

Kiminini tulipita ukungu ukiwa bado juu ya mahindi. Nilikuwa na uzi mwekundu wa kuchezea, nikafuma kipande kisicho na kazi, mstari kwenda, mstari kurudi. Nimefuma tangu darasa la sita, tulipoanza na spoki za baiskeli tulizonoa kwenye jiwe, na mpaka leo sijui kitu kingine kinachotuliza vidole vyangu. Miguu ndiyo haitulizwi na chochote.

Saa mbili, Kamukuywa. Nilishuka. Nilijiambia nanunua ndizi, na kweli nilinunua, lakini nilisimama palepale niliposimama mara ya kwanza, magari ya kwenda upande huu na ya kurudi upande ule. Kondakta mmoja akanitazama sana.

"Mama, unaenda ama unarudi?"

"Naenda."

"Basi panda, bana. Umesimama kama wa kurudi."

Nikapanda kwa hasira, maana alikuwa amesema kweli.

Baada ya Webuye tulikwama nyuma ya trekta la miwa. Lilikuwa na matela mawili, na miwa ilikuwa ikianguka mmoja mmoja. Abiria wengine walilala. Mimi nilitazama saa mara kumi na moja katika maili chache zile, na kila mara nikapata sababu mpya: kuku sikuwafungia vizuri, mlango wa nyuma una kitasa kibovu, huenda mvua ikanyesha. Sababu zote zilikuwa za kurudi. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kwenda mbele, ila mtoto.

Saa nne na robo, Kanduyi. Hapa ndipo nilipoogopa. Ng'ambo ya barabara gari lilikuwa linaita, "Kitale, Kitale, mmoja wa mwisho," na kijana wa gari akaniona na kiondo changu. "Kitale, mama? Mbele kuna nafasi." Mguu mmoja ulikuwa tayari umeshakanyaga lami. Nikatoa ile sweta, yaani kile kipande cha mbele nilichofuma, nikakishika mkononi pale barabarani, nikamfikiria Njoki amesimama juani na simu sikioni. Nikamwambia yule kijana hapana. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na mama muuza nyanya akageuka kunitazama. Nikachukua bodaboda ya kwenda Kibabii, nikafumba macho mpaka Kanduyi ilipokuwa nyuma.

Tamasha lenyewe lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia. Turubai saba, na chini yake uzi wa kila rangi. Kulikuwa na vitambaa vya makochi vilivyotandazwa kwenye nyasi, blanketi za vipandevipande, soksi, kofia za watoto zenye masikio. Mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati alikuwa amefuma tai kumi na mbili na alimweleza kila aliyepita jinsi alivyopiga hesabu. Mama mmoja kutoka Ndalu alikuwa anashindana kufuma akitembea, kama mama yangu alivyokuwa akisuka kiondo akienda sokoni, na alizunguka uwanja mara nne bila kuangalia mikono. Niligusa uzi wa pamba, nikagusa uzi wa sufu ya kondoo uliosokotwa kwa mkono, bado una harufu ya mnyama. Kwa saa nzima nikasahau kutazama njia ya kutokea. Nilifurahi, na sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi nikiwa nimesimama mahali pamoja.

Mama Wafula alinipata kwenye turubai la sufu. Ni mama mnene, mpole, anayetembea kana kwamba siku ina saa arobaini.

"Mulembe, Mama Njoki," akanisalimia kwa lugha ya kwao. "Umefika."

"Nimefika, Mama Wafula. Njoki yuko wapi?"

"Si alikuambia saa kumi? Kwanza tukule."

Tukala, ugali na kuku, na alikula polepole. Hakutaja siku ya ng'ombe. Nilitamani aitaje tumalizane.

Saa saba na nusu tulienda kwenye meza ya kuunganisha. Akina mama wa Kitale walikuwa wamekuja kutazama, mwenyekiti wetu mbele. Mama Wafula akatandaza mgongo. Mimi nikatandaza kipande changu cha mbele juu yake. Kipande changu kilikuwa chembamba kuliko mgongo wake kwa vidole vinne.

Tulihesabu vitanzi. Sitini na vinne kwake, sitini na vinne kwangu. Sindano namba ile ile, uzi ule ule. Mama Wafula akachukua kazi yangu, akaivuta, ikakataa kuvutika.

"Umekaza," akasema taratibu. "Mama Njoki, huu uzi umeunyonga."

Ndipo nilipoelewa ile nusu donge niliyojisifia. Sikuwa nimebana matumizi. Kwa siku nne nilikuwa nimevuta kila kitanzi kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli. Kila mfumaji anajua kupima mkono wake kwa kipande kidogo kabla ya kuanza, hasa kazi ya watu wawili, na mimi huwafundisha wengine hivyo kila Alhamisi. Sikupima kwa sababu kupima kungenichelewesha. Nikachukua kiondo changu.

"Nitaifuma upya nyumbani," nikasema. "Nitaituma."

"Haina haja ya kufumua," akasema Mama Wafula, kama hakunisikia. "Tunaokota vitanzi pembeni, tuongeze upana. Wewe upande huu, mimi upande ule. Vidole viwili viwili, inatosha. Uzi si uko?"

Uzi ulikuwako. Akavuta viti viwili akaviweka vikitazamana, akaketi, akaweka sweta katikati ya magoti yetu. Akaokota vitanzi vya upande wake, mimi nikaokota vya wangu, tukaanza. Hivyo tukawa tumefungwa, mimi huku na yeye kule, kwa kitambaa kisichotosha kufunika sahani. Kama mmoja angeinuka, sindano ya mwenzake ingechomoka na vitanzi vingemwagika.

Saa nane na nusu nilikuwa nimemaliza upande wangu. Mama Wafula alikuwa kwenye mstari wa tatu.

Sijawahi kukaa kama nilivyokaa mchana ule. Kazi yangu ilikuwa imeisha, mikono yangu haikuwa na kitu, na sikuweza kwenda popote, maana sweta bado ilikuwa juu ya magoti yangu na sindano ya Mama Wafula ndani yake. Yeye alikuwa anafuma, anatua, ananisimulia. Akaanza na babu yake Wafula na ng'ombe waliovuka mto Nzoia. Hadithi ile ile ya wazee wake niliyoikimbia sebuleni kwangu, ikaanza mwanzo. Goti likanitetemeka, akaweka mkono wake juu ya goti langu, akaendelea. Saa tisa nikafikiri Njoki hatakuja, amenilipiza. Saa tisa na nusu nikasadiki kabisa, na kama si ile sindano ningekuwa Kanduyi. Lakini hadithi ilikuwa imefika mahali ambapo nilitaka kujua mwisho wake, maana ilimhusu bibi mmoja wa ukoo ule aliyekimbia ndoa mara tatu na mara tatu wakamfuata kwa miguu, na yule bibi alikuwa anaitwa Nekesa.

"Ndiye huyu wetu alipewa jina lake," akasema Mama Wafula. "Siku ile nyumbani kwako wazee walikuwa wanaelekea hapo. Ulitoka kidogo tu kabla."

Nililia, nikajifuta kwa kile kipande chekundu.

Saa kumi kasoro dakika chache Mama Wafula alimaliza mstari wake wa mwisho, akafunga vitanzi. Nikasikia mtu nyuma yangu.

"Mama."

Alikuwa Njoki, na mtoto amelala begani.

"Umefika saa hii?" nikauliza.

"Nilikuwa hapo mlangoni pa kanisa tangu saa saba. Nilitaka kuona kama utaondoka." Akamweka mtoto vizuri begani. "Haujaondoka, Mama. Umekaa saa mbili na nusu."

Ningeweza kunyamaza nikapokea sifa. Lakini nimemdanganya binti yule vya kutosha.

"Njoki, sikukaa," nikamwambia. "Nilifungwa. Nilichukua kiondo niondoke saa saba na nusu. Kama si huyu mama na hii sweta yake ningekuwa nimeshafika Webuye."

Kisha akaja mbele, akamlaza Nekesa mapajani mwangu, usingizini, kichwa kwenye mkono wangu wa kushoto, mzito kuliko picha za simu zilivyoonyesha.

"Haya," akasema. "Sasa inuka."

Sikuinuka. Wakashona sweta wao wawili, nami nimeketi. Ilipoisha tulimvalisha akiwa bado amelala. Upande wangu ulikuwa umekaza na wa Mama Wafula umelegea, kwa hiyo inaning'inia bega moja. Mwenyekiti wetu akasema ifumuliwe. Njoki akakataa.

Basi la kikundi liliondoka saa kumi na moja na kiti changu kitupu. Nililala kwa Mama Wafula. Jumapili baada ya kanisa nilipanda gari la kwenda Kitale, na safari hii sikushuka Kamukuywa. Nilikuwa na uzi mkononi, nafuma kipande cha kupima. Nilikifumua mara tano kabla ya vitanzi kulegea inavyotakiwa. Mtu akiniuliza nilijifunza nini Bungoma, namwonyesha kile kipande. Na miguu bado inanisumbua, nisiwadanganye.

Njoki amepiga simu jana. Wazee wa Wafula wanakuja kwangu mwezi ujao kumalizia yale mazungumzo, na wameomba kuanzia mwanzo. Nimekubali. Nimeshaongea na jirani: siku hiyo atakamua ng'ombe yeye, asubuhi na jioni.