Filta ya Landrova ya Baba

Mama alipoanza kushindwa kumeza ugali, Baba aliingia chini ya gari.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa ameendesha trekta katika shamba kubwa la chai karibu maisha yake yote, na alipostaafu alirudi kwetu, bondeni chini ya Kapkatet, na Landrova kuukuu ambayo shamba lilikuwa limeichoka. Ilikuwa na turubai lililoshonwa hapa na pale na injini ya dizeli iliyonguruma mpaka ng'ombe wakaizoea. Miaka ile ya tisini, mvua ikinyesha, barabara yetu iligeuka tope tupu na gari jingine halikuthubutu kushuka. Wagonjwa, maharusi, mbolea, vyote vilipanda humo.

Mama aliacha ugali, akaacha viazi, akabaki na uji na mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu. Akiketi kula, aligeukia ukutani ili tusimwone akihangaika. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na likizo ya Agosti ilikuwa imenirudisha nyumbani. Nilisema twende hospitali kesho yake. Baba akasema gari haliwezi.

"Taa ya oili inakawia kuzima asubuhi," alisema kutoka chini ya gari. Nilimwona miguu tu. "Filta imekwisha. Nikimpeleka hivi, injini itakufa njiani na yeye ndani."

"Basi tutafute gari lingine."

"Gani?"

Nikaingia ndani kumpozea Mama uji.

Asubuhi tulimwacha Mama na dada yake, tukapanda kilima kwa miguu hadi kwenye lami, tukaenda Kericho. Baba alikuwa ameitia filta kuukuu kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya koti. Haikuwa ile ya kufungwa kwa kuzungusha kama ya magari mapya. Ilikuwa ya karatasi iliyokunjwakunjwa, ya kutumbukizwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoshikwa na bolti moja ndefu. Karatasi yake ilikuwa nyeusi na imebonyea ubavuni.

Duka la kwanza la spea walituletea filta ya boksi zuri, yenye maandishi ya kung'aa. Baba aliisimamisha kando ya ile kuukuu juu ya kaunta, akainama mpaka jicho lake likawa sawa nazo.

"Hii ni fupi," alisema.

"Mzee, itaingia tu," alisema muuzaji. "Watu wananunua hii kila siku."

"Kuingia itaingia. Lakini springi ya kuibana haitaifikia. Oili ni kama ng'ombe. Ikiona upenyo kwa ua, haipiti tena mlangoni. Itapita kando na uchafu wake wote."

Tukatoka. Duka la pili, urefu ulikuwa sawa, lakini tundu la katikati lilikuwa pana. Aliingiza kidole, akakizungusha, akairudisha kwenye boksi taratibu kama anayerudisha yai kwenye kiota. Nje mvua ilikuwa imeanza. Nilimfikiria Mama na kikombe chake cha uji, na hasira ikanipanda.

"Baba, chukua moja twende. Mama anatungoja."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuwa unapima matundu."

Alisimama pale kwenye varanda ya duka, maji yakimtiririka kutoka kwenye kofia. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, kwa koo lake siwezi kufanya kitu. Hii naweza."

Nilimfuata hadi duka la tatu, lililokuwa nyuma ya soko. Mwenyewe alikuwa mtu mzima kutoka upande wa ziwani. Alituangalia nguo zilivyolowa, akatuvutia benchi, kisha akapekua rafu za juu na kuteremsha boksi lililofifia rangi. Urefu ulikuwa sawa, tundu sawa, na ndani kulikuwa na mpira wake wa duara. Baba aliunusa mpira, akaukunja, akaona haukupasuka.

"Hii gari ni ya zamani sana, mzee," mwenye duka alisema kwa upole. "Unataka ikae miaka mingapi?"

"Impeleke tu mama yake huyu hospitali," Baba alijibu akinielekezea kichwa, "na imrudishe."

Kesho yake, kulipopambazuka, aliifunga. Mpira wa zamani ulikuwa umeshikana na chuma, akautoa kidogo kidogo kwa sindano ya kushonea magunia, maana ukiweka mpya juu ya wa zamani oili itavuja. Mama alitoka akiwa amejifunika shuka, akaketi kwenye kigoda chini ya upenu.

"Umepata?" alimuuliza. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Nimepata."

"Ya kweli?"

"Ya kweli."

Akacheka kidogo, cheko la kumwonea mtu huruma. Baba alipowasha, taa nyekundu ilizima mara moja. Alinitazama, nami nikatazama pembeni.

Tulikwenda hospitali upande wa Bomet, Mama katikati yetu. Walimpima, wakampiga picha, tukalala huko, wakampima tena. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Alituita mimi na Baba akatuambia ni saratani ya koo, na kwamba imeshuka mbali.

"Tungekuja wiki iliyopita?" niliuliza.

"Hata miezi iliyopita, sijui," alisema. "Mpelekeni nyumbani. Mpeni anachoweza kumeza."

Njiani kurudi tulipita lori la chai lililozama kwenye tope, majani yakianza kunuka ndani ya magunia. Landrova ilipita kando yake bila kuteleza. Mama alikuwa ameegemeza kichwa begani kwa Baba, naye aliendesha bila kuusogeza mkono ule, akibadilisha gia kwa shida.

Alifariki mwezi wa kumi, mchana, wakati jirani zetu walipokuwa shambani wakichuma chai. Tulimletea jeneza kwa gari lile lile kutoka kwa seremala, na baada ya mazishi Baba hakuliwasha tena. Alihamia jikoni, akawa analala kando ya moto, nyumba kubwa akaniachia mimi na baridi yake kila niliporudi likizo.

Mwaka uliofuata mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Siongiroi alikuja kulitazama gari. Alifungua boneti, akauliza injini ikoje.

"Ni nzima," Baba alisema.

Hakubishana naye juu ya bei. Gari liliposhuka likielekea mtoni, alichukua kikapu chake akaingia kwenye chai yetu. Nilimfuata, tukachuma safu moja, yeye upande huu na mimi upande ule, mpaka mvua ikatufukuza.