Dhiraa Tatu za Saruji

Mume wangu, Mwinyijuma, ni fundi wa kuta za zamani. Hapa Kisarawe wanamjua kwa kupiga lipu vyumba vya kupangisha, lakini kazi iliyomlea ni ya kusini, upande wa Kilwa, kwenye mji wa kale uliozungushiwa ukuta wa mawe ya matumbawe. Wenyewe waliujenga kujikinga na maadui. Maadui wamekwisha, wenyewe wamekwisha, Mungu awarehemu, ukuta upo.

Nyuma ya nyumba yetu kuna shimo. Wageni hudhani ni la choo, kumbe la chokaa. Anailoweka, anaifunika magunia mabichi, anaiacha miezi hata mwaka. Ikiiva inang'ang'ania mwiko kama ugali wa muhogo. Magunia yale nimeyafua mimi, miaka thelathini na tatu ya ndoa.

Mwaka huu, masika yalipokatika, akapiga simu Fadhila, binti anayesimamia matengenezo kule.

"Shikamoo, babu fundi."

"Marahaba, mwanangu. Ukuta wangu haujambo?"

"Haujambo, ila pembeni mwa lango. Kuna mtu alitia saruji, babu. Imefungia maji ndani, mawe yanapasuka. Masika mengine lango halivuki. Humjui aliyefanya hivyo, tumlaani kidogo?"

Alicheka. Mume wangu hakucheka. Alisema mtandao unasumbua, akakata.

Siku tatu chakula hakipiti. Baada ya sala ya alasiri nikamwuliza, "Baba Zawadi, unaumwa, au una jambo?"

"Ni mimi niliyetia saruji."

Akanieleza. Mwaka ule wa posa yetu zilibaki dhiraa tatu tu, na chokaa haijaiva, inataka miezi minne. "Na baba yako ameshasema, nisipofika kabla ya Ramadhani anakuoza kwa yule muuza mkaa wa Maneromango. Nikachanganya saruji, juu nikapaka chokaa nyembamba, mtu asione. Mpaka leo wananisifia lango lile. Nikisema, nani atanipa mkono tena?"

Sikujua nicheke au nilie. Ukuta umewashinda maadui mamia ya miaka, umekuja kuvunjwa na mtu mwenye haraka ya kunioa mimi!

"Waambie, mume wangu," nikasema. "Wewe peke yako unajua ile saruji imeingia mpaka wapi. Wakichimbua kwa kubahatisha, lango litawaangukia."

Akachukua simu. Kisha akapiga. "Fadhila, wa kulaaniwa ni mimi."

Halafu nikamsikia binti akisema taratibu, "Njoo, babu. Uje na chokaa yako."

Tukaenda wote, na ndoo sita za chokaa kwenye buti la basi.

"Mama, mtindi wote huu wa nani?" utingo akauliza.

"Wa ukuta," nikamjibu.

Siku kumi alibandua saruji kwa patasi, kidogo kidogo, mawe yameegemezwa magogo, akirudishia chokaa kila alipotoa. Pa mwisho akanipa mwiko.

"Paka wewe."

"Mimi sijui."

"Umeilea miaka thelathini na tatu, hujui nini?"

Nikasema Bismillahi, nikapaka. Ikashika.

Sasa ilibaki kunyunyizia maji na kufunika magunia, wiki kadhaa. Fadhila akasema turudi tu nyumbani, wenzake watamalizia. Mume wangu akanitazama.

"Una haraka?"

"Sina."

Tukabaki.