Dereva wa Miguu Mitupu

Dereva wa lori la viazi aliendesha miguu mitupu, na kila aliposimama alipapasa tairi kama mtu anayechagua ng'ombe sokoni. Masika ya mwaka sabini na mbili, kwenye mlima wa Kerugoya, lori liliteleza likasimama ukingoni mwa korongo. Warigia, mchuuzi aliyeketi na wanawake wenzake juu ya magunia yake, alimwona dereva akiinama kufungulia matairi upepo. Fyuuu!

“Ati unatoa upepo? Utatuua!”

“Tairi ikijaa sana inakanyaga na kidole tu, mama. Wacha ikanyage na mguu yote.”

Akarudi ndani, nyayo zake zikatandaa kwenye pedeli. Lori likanguruma, likauma tope, likapanda! Wanawake wakapiga vigelegele. Kileleni Warigia aliruka chini, akavua viatu, akanyakua pampu ya kuyarudishia matairi upepo kabla hajaombwa.